Roki ya indi na roki mbadala: maana yake, na jinsi ya kuzifikia bendi zake

Bendi ikiitwa ya indi, swali la kwanza ni nani aliyelipia studio na nani aliyefikisha santuri madukani. Mlio wa magitaa, namna mwimbaji anavyoyavuta maneno, hata mavazi kwenye picha, hayo huja baadaye. Indi ni kifupi cha neno la Kiingereza la kujitegemea, na kinachojitegemea hapa ni lebo: kampuni ndogo inayotoa muziki bila kumilikiwa na zile kubwa za dunia, ambazo leo zimebaki tatu, Universal, Sony na Warner.

Roki mbadala ni jina pana zaidi. Lilienea Marekani miaka ya 1980 kwa ajili ya bendi za roki ambazo redio za biashara hazikuzipiga, na likabaki hata pale redio hizo hizo zilipoanza kuzipiga asubuhi hadi usiku. Jina la kwanza basi linahusu umiliki, la pili linahusu mahali bendi iliposimama ukiilinganisha na muziki uliokuwa ukitawala. Bendi moja inaweza kubeba yote mawili, na mashabiki huyachanganya kila siku bila hasara kubwa. Ila kwa anayetafuta bendi mpya za kusikiliza, ninaamini tofauti hii ina faida kubwa, maana muziki huu ulikua kupitia watu waliojuana: wenye lebo, maprodyuza, watangazaji, bendi zilizosafiri pamoja. Ukiwafuata watu hao, unafika.

Lebo ndogo zenyewe ni za zamani. Elvis Presley alianzia Sun Records ya Memphis, kampuni ndogo kabisa. Kilichokuja na panki, roki ya haraka na ghafi ya katikati ya miaka ya 1970, ni wanamuziki kuamua kwamba wao wenyewe ndio lebo. Januari 1977 Buzzcocks wa Manchester walitoa Spiral Scratch, santuri ndogo ya nyimbo nne, kwa lebo waliyoiunda wenyewe na kuiita New Hormones. Pauni 500 walizokuwa nazo walizikopa kwa jamaa na marafiki. Nyimbo zote zilirekodiwa siku moja, mwishoni mwa Desemba 1976, na nakala za awali zilikuwa 1,000 tu. Ukisoma jalada la santuri hiyo utakuta kila wimbo umeelezwa ulipigwa mara ya ngapi ndipo ukakubaliwa, na kama kuna sauti zilizoongezwa juu yake baadaye. Ni maelezo mafupi mno, lakini yalikuwa na uzito wake: kijana aliyeishika santuri ile aliona kwamba kurekodi ni kazi ya saa kadhaa, ya watu wenye vyombo na deni dogo, na kwamba hata yeye anaweza. Prodyuza wake alikuwa Martin Hannett. Miaka miwili baadaye ni huyo huyo aliyeipa Joy Division ile sauti ya baridi, yenye mwangwi na nafasi tupu kati ya ngoma na gitaa, katika albamu Unknown Pleasures iliyotolewa na Factory, lebo nyingine ya mji huo huo.

Kurekodi kukawa rahisi, kusambaza kukabaki kazi. Hapo ndipo Rough Trade ilipoingia. Ilianza mwaka 1976 kama duka la santuri la Geoff Travis magharibi mwa London, ikawa lebo mwaka 1978, kisha ikaungana na maduka ya miji mingine kupeleka santuri za lebo ndogo nchi nzima bila kupitia malori ya kampuni kubwa. Mwaka 1980 Uingereza ikapata chati rasmi ya indi, na kigezo chake kilikuwa njia ya usambazaji, wala si aina ya muziki. Ndiyo maana mwishoni mwa muongo huo nyimbo za pop za Kylie Minogue zilifika kileleni mwa chati ya indi: lebo yake ilisambazwa kwa njia huru, basi ikatosha.

Maana ya pili, ile ya sauti, ilijengeka taratibu kutokana na bendi zilizokuwa zikijaa kwenye chati hiyo. The Smiths, waliokuwa Rough Trade, na gitaa la Johnny Marr linalotiririka badala ya kunguruma, walichangia pakubwa. Mwaka 1986 gazeti la muziki la NME likatoa kaseti iliyoitwa C86, nyimbo 22 za bendi za lebo ndogo. Baada ya hapo watu wengi waliposema indi walimaanisha magitaa yenye mlio mwembamba, sauti ya mwimbaji isiyojitutumua, na haya kidogo katika uimbaji. Leo neno hilo limelegea zaidi, hata bendi iliyosajiliwa na kampuni kubwa inaitwa ya indi kwa sababu tu ya inavyopiga. Sioni haja ya kugombana kuhusu hilo, mradi msikilizaji ajue ni maana ipi anayoambiwa.

Marekani ilikwenda njia yake. Nchi ni kubwa na hakukuwa na redio moja ya taifa kama BBC, ambako mtangazaji John Peel alipiga nyimbo za bendi zisizojulikana kuanzia 1967 hadi alipofariki mwaka 2004. Badala yake kulikuwa na redio za vyuo vikuu zilizoendeshwa na wanafunzi, na magari ya van yaliyobeba bendi na vyombo vyake mji hadi mji. SST, lebo ya California iliyoanzishwa na Greg Ginn wa bendi ya panki Black Flag, ilitoa Minutemen, Hüsker Dü, Meat Puppets, Sonic Youth na Dinosaur Jr. Dischord ya Washington, tangu 1980, ilitoa bendi za mji wake tu, na Fugazi, bendi yake maarufu kuliko zote, walishikilia kiingilio cha dola 5 hata walipokuwa na uwezo wa kujaza kumbi kubwa. R.E.M. kutoka mji mdogo wa Athens, Georgia, walipanda kwa kupigwa na redio za vyuo kuanzia albamu yao Murmur ya 1983, hadi Warner walipowasajili mwaka 1988. Mwaka huo huo Billboard, jarida la biashara ya muziki la Marekani, ikaanzisha chati maalumu ya muziki huu. Kampuni kubwa zilikuwa zimeanza kunusa.

Kisha ikaja Nevermind ya Nirvana, Septemba 1991. Albamu yao ya kwanza, Bleach, iliyotolewa na Sub Pop ya Seattle mwaka 1989, iligharimu dola 606 na senti 17 kurekodi, na aliyelipa ni Jason Everman, ambaye jina lake limo kwenye jalada kama mpiga gitaa ingawa hakupiga wimbo hata mmoja. Nevermind ilitoka kwa DGC, tawi la Geffen, na Januari 1992 ikaiondoa Dangerous ya Michael Jackson kwenye namba moja Marekani. Tangu siku hizo roki mbadala haikuwa tena mbadala wa chochote kwa maana ya biashara. Jina likabaki kuwa la aina ya muziki, kama bluzi au jazi.

Sasa, sauti yenyewe ina nini? Jibu la mkato halipo, na wanaotoa orodha ya sifa huishia kuziacha nje nusu ya bendi nzuri. Ninachoweza kuonyesha ni tabia mbili tatu. Sikiliza Surfer Rosa ya Pixies, ya 1988. Ubeti unakwenda kwa besi na ngoma peke yake, mwimbaji anaongea karibu na sikio lako, halafu kiitikio kinalipuka na magitaa yote kwa pamoja, kisha kila kitu kinanyamaza tena ghafla. Mtindo huu wa kimya na kishindo ukaenea kila mahali, na Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alikiri wazi kwamba aliuchukua kwao. Tabia ya pili ni kutoficha ubovu wa vifaa. Guided by Voices walitengeneza Bee Thousand ya 1994 kwa vinasa sauti vya nyumbani; kuna mvumo wa kaseti, wimbo unakatika kabla hujauzoea, na ndani ya dakika 36 hivi zimo nyimbo 20. Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani faili imeharibika. Avumilie hadi mwisho, kisha arudie kesho yake; melodi zitakuwa zimemkaa kichwani.

Kuhusu kutafuta, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuanza na albamu moja unayoipenda na kusoma majina yote yaliyo juu yake. Chukua MTV Unplugged in New York, albamu ya onyesho la Nirvana bila vyombo vizito lililorekodiwa Novemba 1993. Kati ya nyimbo 14, sita ni za watu wengine. Tatu ni za Meat Puppets wa Arizona, na ndugu Curt na Cris Kirkwood wa bendi hiyo wamepanda jukwaani kuzipiga. Zote tatu zinatoka kwenye Meat Puppets II ya 1984, albamu ya SST. Ukiingia hapo umeshaingia kwa Hüsker Dü na Minutemen. Wimbo mwingine ni wa The Vaselines wa Glasgow, Scotland. Nyimbo zao zilitolewa kwanza na 53rd & 3rd, lebo ndogo ambayo Stephen Pastel alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Bendi yake, The Pastels, imo kwenye ile kaseti ya C86. Wa tano ni wa David Bowie, na wa sita Cobain aliujua kupitia Lead Belly, mwimbaji wa bluzi wa Louisiana aliyefariki mwaka 1949. Albamu moja imekupeleka Arizona, California, Glasgow na Louisiana, na kila ulipofika palikuwa na lebo au mtu wa kumfuata zaidi.

Jina la prodyuza hufanya kazi vilevile. Aliyerekodi Surfer Rosa ni Steve Albini, aliyefariki Mei 2024. Yeye alipenda kuitwa fundi wa kurekodi, na alilipwa ujira wa kazi badala ya asilimia ya mauzo, kwa imani kwamba albamu ni mali ya bendi. Fuata jina lake utakutana na Pod ya The Breeders, Rid of Me ya PJ Harvey, In Utero ya Nirvana, kisha Slint, kisha Low, bendi ambazo hazifanani hata kidogo isipokuwa kwa jambo moja: ngoma zinasikika kama zinapigwa chumba ulichokaa.

Lebo pia. Wengi waliowajua Wet Leg walipopata Grammy mbili mwaka 2023 hawakuangalia chini ya jina la bendi, ambako pameandikwa Domino. Domino ndiyo iliyotoa Franz Ferdinand mwaka 2004 na Arctic Monkeys mwaka 2006. Merge ya North Carolina, iliyoanzishwa na wanamuziki wa Superchunk mwaka 1989, ndiyo iliyotoa The Suburbs ya Arcade Fire nchini Marekani, na albamu hiyo ikapata Grammy ya albamu bora ya mwaka 2011 mbele ya nyota wa kampuni kubwa. Lebo ndogo nzuri huendeshwa na watu wachache wenye ladha wanayoitetea kwa fedha zao. Ukipenda albamu mbili za lebo moja, sikiliza ya tatu hata kama huijui.

Majukwaa ya kusikiliza mtandaoni yanasaidia, ila mashine zake za kupendekeza hukupa kinachofanana na ulichokwisha kusikia, na ukiziachia kila kitu utazunguka mtaa mmoja miezi mitatu. Hata siku moja zisingekutoa Nirvana zikakupeleka kwa Lead Belly. Redio inayoendeshwa na watu bado inazishinda. KEXP ya Seattle huwaalika wanamuziki studio, huwarekodi wakipiga moja kwa moja na kuiweka video bure, na hapo utajua upesi kama bendi inaweza kupiga au ilibebwa na kompyuta.

Bandcamp, iliyoanza 2008, ina kitu ambacho sijakiona kikifanywa vizuri hivyo kwingine. Ukurasa wa albamu huonyesha picha ndogo za walioinunua. Bonyeza mmoja wao, utaona mkusanyiko wake wote. Mtu aliyenunua albamu isiyojulikana unayoipenda wewe, na ana nyingine mia, anakufaa kuliko orodha yoyote ya gazeti. Unaweza pia kutafuta kwa jina la mji, maana bendi za mji mmoja huazimana wapiga ngoma, huchangia studio na hufungua maonyesho ya wenzao. Bendi inayofungua onyesho mara nyingi imechaguliwa na ile kubwa yenyewe, kwa hiyo soma majina madogo yaliyo chini ya tangazo na uyasikilize kabla ya siku yenyewe. Na ukiipata bendi ambayo bado ina wasikilizaji mia mbili, nunua albamu kwao moja kwa moja: sehemu kubwa ya fedha hiyo huwafikia, na kwa bendi ya kiwango hicho hiyo ndiyo petroli ya van na saa kadhaa za studio kwa ajili ya albamu inayofuata.