Rangi Haimlipi Mfagiaji

Wiki hii nimepigiwa simu nyingine. Mtu ana ndoo za rangi, ana wasanii, anatafuta ukuta Dandora, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, "ili mtaa ufufuke". Nimemjibu ninavyowajibu wote: kuta zipo tele, lakini baada ya ninyi kuondoka nani atamlipa anayefagia chini yake?

Sipingi sanaa. Mtaa uliowatoa Kalamashaka, wale wanamuziki wa hip hop, hauhitaji mgeni wa kuufundisha thamani yake. Ninachokataa ni ile imani kwamba ukileta michoro, pesa itajileta. Pesa huja na mteja, na mteja wa Dandora anataka kwanza kujua kama atafika nyumbani na simu yake.

Tuanzie kwenye korti. Dandora ilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja kama 6,000, kila kimoja kikiwa na choo na bafu, vyumba mwenyewe amalizie. Nyumba zinazunguka uwanja wa pamoja, na uwanja huo ndio korti. Nyingi ziligeuka jaa la taka na mahali pa kuporwa. Vikundi kama Dandora Transformation League vilipoanza kuzisafisha, wageni walipiga picha maua na matairi yaliyopakwa rangi. Hawakupiga picha daftari la ada, na kazi yenyewe imo humo. Kila nyumba inatoa kidogo kwa mwezi. Vijana waliokuwa wakiogopwa ndio wanaolipwa kufagia na kulinda. Wanaosha magari, na usiku wanayalinda yaliyolazwa kortini. Korti ikiwa salama, mama mboga anafunga saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili jioni. Hebu fikiria: wateja wake wanashuka kwenye matatu kuanzia saa moja. Faida yake yote imo ndani ya saa hizo chache! Hakuna semina ya ujasiriamali itakayompa kitu kama hicho.

Ukitaka sanaa inayojilisha, tazama nganya, yaani matatu yaliyopambwa kwa michoro na muziki. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwataka polisi waache kuyasumbua matatu yenye michoro, na kazi ikafunguka kwa wachoraji, mafundi wa kuchomelea, washonaji wa viti na wafungaji wa spika. Mwenye gari analipa kwa sababu gari lililochorwa vizuri linajaza abiria vijana. Mchoraji hapo hana haja ya kumwandikia mfadhili barua.

Kuhusu dampo la taka la Dandora nitasema kwa ufupi, maana linahitaji makala yake. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba nusu ya watoto waliopimwa karibu nalo walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango. Hilo ni jukumu la serikali, na msanii asitwishwe.

Sasa mashaka yangu, ambayo hayaandikwi kwenye ripoti. Wanaotoa ada wengi ni wapangaji. Korti ikipendeza, kodi inapanda, na nimeona vijana waliosafisha korti kwa mikono yao wakishindwa kukodi kibanda ndani yake. Tena sina hakika kama wizi hupungua, au unahamia korti ya jirani isiyo na kikundi. Naendelea na kazi hii kwa sababu mama mboga anayefunga saa tatu namwona kwa macho, lakini swali hilo bado linanikaa rohoni.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ndoo haijafunguliwa, nawaomba wenye nyumba waweke sahihi kwamba kodi ya vibanda haitapanda kwa miaka miwili. Baadhi hukataa, nasi tunahamia korti nyingine. Sidhani karatasi hiyo ingefika mbali mahakamani. Inasomwa kwa sauti kortini, wapangaji wote wakiwapo, na mwenye nyumba atakutana nao dukani kesho yake.