Toni ya gitaa la jazz maana yake nini?

Mtu aliyezoea gitaa la roki akimsikia mpiga gitaa wa jazz Wes Montgomery kwa mara ya kwanza, anaweza kudhani spika imefunikwa blanketi. Hakuna makali wala mng'ao. Noti inatoka nene, inakaa kidogo, inazima. Wapigaji wenyewe huiita sauti nyeusi, na kwao hiyo ni sifa. Ndiyo wengi wanayoikusudia wanaposema "toni ya jazz".

Toni si ukubwa wa sauti, wala si noti kuwa juu au chini. Tarumbeta na filimbi zikipiga noti moja kwa nguvu ileile, bado utajua ipi ni ipi, na kinachokujulisha ndicho toni. Uzi wa gitaa ukipigwa kwenye A ya mitetemo 440 kwa sekunde, hautoi hiyo 440 peke yake. Ndani yake mna 880, 1320, 1760 na kuendelea, kila moja kwa kiasi chake. Hizo za juu ndizo zinazoleta makali na mkwaruzo, na mpiga jazz kwa kawaida huzipunguza. Kwa hiyo mimi huielewa toni ya jazz kama sauti ya gitaa iliyopunguzwa. Ukivichunguza vifaa anavyovichagua mpigaji, karibu kila kimoja kimewekwa pale ili kuondoa kitu.

Tuanze na nyuzi. Gitaa la umeme la kawaida hufungwa nyuzi nyembamba, na zile za besi huwa zimezungushiwa waya wa mviringo. Wapiga jazz wengi hutaka nene, uzi wa kwanza ukiwa na inchi 0.012 au 0.013, tena zilizozungushiwa utepe bapa, ukipitisha kidole unateleza kama juu ya kioo. Hata uzi wa tatu, ambao kwenye seti nyembamba ni waya mtupu, hapa umezungushiwa. Hapo ule mkwaruzo wa vidole vikihama unakaribia kuisha, lakini na wewe huwezi tena kuuvuta uzi kando ukalia kama wapigavyo blues. Nilipojaribu 0.013 mara ya kwanza nilivumilia wiki moja, ncha za vidole zikavimba, nikashuka hadi 0.012. Mpaka leo niko hapo.

Halafu kuna gitaa lenyewe. Lile kubwa lenye uwazi ndani, uso uliobinuka kama wa fidla na matundu mawili ya umbo la herufi f, halikubuniwa kwa ajili ya umeme. Kampuni ya magitaa ya Gibson ilitoa L-5 mwaka 1922 ili gitaa lipate kusikika kwa nguvu ya mbao zake, na Freddie Green, aliyeingia bendi ya Count Basie mwaka 1937, alipiga midundo yake minne bila ampu, yaani kikuza sauti, kwa miongo mingi. Mwaka 1936 Gibson ikaleta ES-150 yenye pikapu, kile kifaa cha sumaku kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme. Miaka mitatu baadaye Charlie Christian akaingia nayo bendi ya Benny Goodman, akawa anapiga noti mojamoja mfululizo kama mtu wa saksafoni. Kabla ya hapo, kwenye bendi kubwa, gitaa lilikuwa zaidi mtumishi wa mdundo.

Ila lile sanduku lililoundwa kukuza sauti sasa likawa msumbufu. Sauti ya spika inaingia kwenye uwazi wa gitaa, inalitikisa, uso unautikisa uzi, pikapu inaudaka, spika inatoa zaidi, na ghafla ukumbi mzima unavuma. Jibu moja ninalolipenda sana ni ES-175 ya mwaka 1949, ambayo uso wake ni wa plaiwudi. Kwenye gitaa lisilo la umeme plaiwudi ni dalili ya bei rahisi. Hapa ni dawa, maana ni nzito, haitikisiki ovyo, na noti haidumu mno. Joe Pass, Jim Hall na Pat Metheny wote wamepitia mikononi mwa gitaa hilo, au tuseme lenyewe limepitia mikononi mwao.

Pikapu inayotumika ni ya upande wa shingo. Pale uzi unapepea kwa upana, kwa hiyo mtetemo wa msingi unazidi ile ya juu. Karibu na daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili, ni kinyume chake, ndiyo maana pikapu ya huko inachoma sikio.

Kwenye ampu mpiga jazz na mpiga roki wanaachana kabisa. Mpiga roki anaitaka ielemewe, sauti ipasuke. Ampu ikielemewa huzaa mitetemo mipya ambayo mpigaji hakuipiga, na kwenye noti mbili zinazopatana hiyo ni raha. Piga kordi ya jazz yenye noti tano, mbili kati yake zikiwa zimebanana, utapata uji. Ndiyo sababu anatafuta ampu yenye akiba kubwa ya nguvu ambayo hataimaliza. Fender Twin Reverb ni mojawapo, na Roland JC-120 ya mwaka 1975 haina hata vali, zile taa za kioo za kukuzia sauti za ampu za kizamani, ni transista tupu za wati 120. Wapiga roki wengi wanazidharau transista. Joe Pass alipiga na Polytone, ambayo ni transista vilevile, na hakuna aliyelalamika.

Lakini yote hayo hayamzidi mkono. Wes alipiga kwa nyama ya kidole gumba, isiyo na ukingo mkali wa plastiki, akisimulia kwamba alianza hivyo ili asiwasumbue majirani. Naye Ed Bickert wa Kanada alitumia Telecaster, ubao mzima usio na uwazi ndani, gitaa la watu wa muziki wa kantri, akiwa ameibadilisha pikapu ya shingoni. Ukisikiliza rekodi zake umefumba macho utaapa ni sanduku kubwa. Jaribu mwenyewe kwa gitaa lolote la umeme. Weka pikapu ya shingo, shusha kitufe cha toni kutoka 10 hadi 5, kisha piga noti ileile kwanza karibu na daraja, halafu pale shingo inapokutana na mwili. Hujanunua kitu, na tayari ni magitaa mawili.

Wapo pia wanaokataa weusi huo. John Scofield huipasua sauti makusudi, na jazz yake ni jazz.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kupunguza kupita kiasi. Chumbani, peke yako, toni ikiwa kwenye 2 ni asali. Ukiingia na bendi unapotea, kwa sababu uzi wako mnene una mitetemo 82 na ala ya besi inayoanzia 41 imeshalijaza eneo hilo, bado mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Dawa si kuongeza sauti. Shusha besi kwenye ampu, pandisha sauti za katikati, rudisha toni kwenye 6, na noti zako zitaanza kusikika juu ya matoazi. Ukirudi chumbani na mpangilio huohuo, utaona unakwaruza.