Kwa nini dakika kumi za mwisho huweza kuharibu gemu ya saa mia?

Mwaka 2012, ofisi za BioWare, watengeneza gemu wa Edmonton, Kanada, zilipelekewa keki ndogo zipatazo mia nne. Zilipakwa krimu ya rangi tatu: nyekundu, bluu na kijani. Ukiziuma, zote ladha moja, vanila. Waliozituma ni mashabiki wa Mass Effect 3, na hayakuwa mapongezi.

Kijembe hicho kina historia yake. Mass Effect ni hadithi ya anga za mbali iliyotoka kwa sehemu tatu, 2007, 2010 na 2012. Wewe ni Kamanda Shepard, na unayoyaamua leo yanahifadhiwa, yanakufuata hadi sehemu inayofuata. Kule kwenye sayari ya Virmire, katika sehemu ya kwanza, huna budi kuchagua nani aachwe afe kati ya askari wako wawili, Ashley na Kaidan. Miaka mitano baadaye unaweka diski ya sehemu ya tatu, unakuta aliyepona yupo na ya Virmire hajayasahau. Watu waliingia katika mambo hayo kwa saa mia na zaidi. Mwishoni kabisa kinatokea kiumbe chenye umbo la mtoto na kukupa njia tatu: uziangamize mashine zinazomaliza ulimwengu, uzitawale, au uchanganye mashine na viumbe hai viwe kitu kimoja. Ukachagua. Mlipuko ukatoka mwekundu, wa bluu au wa kijani, na picha zilizofuata karibu zifanane zote. Basi ndiyo zile keki.

Kwamba mwisho una uzito kupita urefu wake, hilo limepimwa. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwatia watu mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Zamu nyingine ilikuwa sekunde 60 zilezile, kisha 30 za nyongeza huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15, bado baridi ya kuuma. Walipoulizwa wangependa kurudia zamu ipi, wengi walitaja ile ndefu. Kumbukumbu haijumlishi dakika. Inashika pale palipouma zaidi na pale palipoishia.

Ila kwa hesabu hiyo peke yake, kila mwisho mchungu ungechukiwa, na sivyo ilivyo. Hapa nitamtaja John Marston wa Red Dead Redemption, gemu ya Rockstar ya 2010 (kama hujaimaliza, ruka aya hii). Jambazi mstaafu huyu analazimishwa na mawakala wa serikali kuwawinda wenzake wa zamani. Akimaliza, anarudi shambani, na gemu inakuachia kazi za kawaida kabisa: kuswaga ng'ombe, kumfundisha mwanawe Jack kuwinda. Unaanza kuzoea. Ndipo wanajeshi wanapokuja. Marston anawatorosha mke na mtoto kwa farasi, anachungulia kwenye upenyo wa mlango wa banda, anavuta pumzi, anatoka. Muda unakwenda polepole, ile mbinu ya shabaha uliyoitegemea gemu nzima, na vidole vyako vinafanya vilichozoea: mmoja, wa pili, wa tatu. Ni wengi mno. Tumelelewa kwenye sinema za "stelingi hafi", na hapa stelingi anafia mikononi mwako, pedi ya kuchezea bado umeishika.

Wengi tunauhesabu huo miongoni mwa miisho bora ya gemu, na sababu naiona kwenye vidole. Kwenye sinema utasema "wamemuua". Kwenye gemu unasema "nimekufa". Mchezaji amefanya kazi, na anadai mwisho uitambue kazi hiyo, hata kwa kumwadhibu. Marston alilipwa kwa bunduki aliyoishi nayo, na mimi nilikuwa ndiye mfyatuaji. Shepard wangu alipewa kuchagua rangi.

BioWare walisikia. Tarehe 26 Juni 2012 walitoa nyongeza ya bure yenye kuonyesha yaliyowapata wenzake Shepard baada ya mlipuko. Wakaongeza na njia ya nne, ya kukataa zote tatu, ambayo inaishia kwa kila mtu kushindwa. Hiyo mimi naiona kama jibu la kiburi kidogo, japo imenichekesha.

Dawa yenyewe ilikuja Machi 2013, kwenye nyongeza iitwayo Citadel: Shepard anaandaa tafrija kwake, marafiki wa sehemu zote tatu wanajaa sebuleni, wanataniana, wanalewa, wanapiga picha ya pamoja. Kwa mpangilio wa hadithi, hayo hutokea kabla ya vita vya mwisho. Nilipocheza mara ya pili nilifika kwenye ile picha, nikahifadhi, nikazima. Yule mtoto na rangi zake sijamrudia hadi leo.