Kutoa sehemu: namba za chini hazitolewi

Ule ujumbe wa "njia ya mkato" bado unazunguka kwenye magrupu ya wazazi hapa Dar: ukitoa sehemu (namba kama 3/4), toa namba ya juu kwa ya juu, ya chini kwa ya chini. Si sahihi.

Jaribu na sukari ya dukani kwa Mangi. Una robo tatu ya kilo, unachota nusu kilo. Kwa njia ile, 3/4 − 1/2 ni 2/2, yaani kilo nzima. Umechota, na bado sukari imezidi uliyoanza nayo. Mzani unasema vingine: gramu 750 ukitoa 500 zinabaki 250, ambazo ni robo.

Asili, ile namba ya chini, inaeleza ukubwa wa kipande tu. Vipande vifanane kwanza: kigawe kidogo cha shirika (KDS), yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili bila baki, cha 4 na 2 ni 4, nusu inakuwa 2/4, ndipo 3/4 − 2/4 = 1/4.

Wengi huchanganya na kuzidisha, ambako kweli juu huzidishwa kwa juu na chini kwa chini. Naelewa, mtu anatuma kwa nia njema, mtoto ana mtihani kesho. Lakini tafadhali usiusambaze tena. Aliyekutumia mpelekee huo mfano wa sukari.