Kukosa chupuchupu: jinsi mcheza kamari anavyojidanganya

Pita kwenye stegi ya bodaboda Kayole au Kawangware Jumatatu asubuhi, hutakosa kumsikia mtu akisema: "Ningekuwa nimeomoka, nimepata pesa, ni vile timu moja imenichomea." Wenzake wanamhurumia, kisha mkeka wa katikati ya wiki, yaani orodha ya mechi zinazobetiwa pamoja ambazo lazima zote zikubali ndipo ulipwe, unaanza kupangwa.

Alichopata kijana huyo ni kukosa chupuchupu, yaani kushindwa kunakofanana na kushinda. Pesa yake imeenda yote, sawa na ya yule aliyekosea mechi zote za mkeka wake. Ila yeye anahisi amekaribia. Hapo ndipo penye uongo, na hakuna tapeli aliyeuleta. Amejiambia mwenyewe.

Tupige hesabu. Chukua mkeka wa mechi nane, kila timu ikilipa mara 1.5 ya dau. Ukiweka shilingi 100 na zote zikubali, unapata kama 2,560. Tuseme kila timu ina nafasi mbili kati ya tatu za kushinda, ingawa kwa kawaida huwa ni pungufu ya hapo, maana kampuni hukata faida yake ndani ya malipo yenyewe. Uwezekano wa zote nane kushinda ni takriban asilimia 4. Uwezekano wa saba kushinda na moja kukuangusha ni takriban asilimia 16. Kwa hiyo kuchomewa na timu moja hutokea mara nne zaidi ya kushinda! Anayebeti hivi kila wikendi atachomewa tena na tena, na hiyo si dalili kwamba ameanza kuuelewa mchezo. Mkeka wa aina hiyo ndivyo ulivyo.

Mshambuliaji akigonga mwamba, kweli amekaribia, kwa sababu mguu ni wake na kesho atalenga vizuri zaidi. Mwenye mkeka hana cha kurekebisha. Kujua mpira kunasaidia kidogo, lakini wanaopanga malipo nao wanaujua, na ujuzi huo wameshautia kwenye bei.

Mwaka 2009, Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti uliopiga picha ubongo wa watu wakicheza kamari ya mashine inayozungusha alama. Alama ya ushindi iliposimama hatua moja tu kutoka mahali pake, wachezaji walisema inaudhi kuliko kukosa kabisa. Hata hivyo, sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda ziliamka, na hamu ya kuendelea ikapanda pale mchezaji alipokuwa amejichagulia alama mwenyewe. Hilo la kujichagulia ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mkeka mzima ni kujichagulia.

Ndiyo maana filamu ya uhalifu wa kisaikolojia kuhusu kamari haihitaji jambazi mwenye bunduki. Mhalifu ni mtu mwenye heshima zake anayepiga hesabu kichwani, na mtazamaji anatetemeka kwa kuwa anaiona hesabu ikipinda kabla mwenyewe hajaiona.

Ilete hapa kwetu. Mweka hazina wa chama ana shilingi 40,000 za akina mama kwenye simu. Ijumaa anachukua elfu mbili, anasema ni mkopo wa siku mbili. Timu saba zinashinda, ya nane inasawazishiwa dakika ya mwisho. Kama zingeanguka tano, pengine angeshtuka, aache, atafute elfu mbili mahali pengine. Lakini moja! Jumamosi anatuma elfu tano. Jioni mwenyekiti anapiga simu kuuliza, naye anajibu, "Pesa iko salama, mama," na wakati anasema hivyo anaamini. Kwake pesa haijapotea, imechelewa tu. Kiasi kinachofuata ni cha kurudisha kile cha kwanza, na kila mkeka unaokaribia unamthibitishia kwamba yeye si mwizi, ni mdaiwa tu.

Sheria ya Kenya haimwachii mlango huo. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa ni wizi kuchukua pesa ya mtu na kuitumia utakavyo, hata kama ulinuia kuilipa baadaye.