Kura 56 zilipoangushwa na 42

Juzi tena. Kijana wa zamu ya usiku kaniletea taarifa kaiandika "Seneti ya Marekani yamthibitisha mteule". Nikamuuliza kura zilikuwa za nini. "Za kumpitisha, kaka." Hapana. Zilikuwa za kufunga mjadala, na mteule mwenyewe alikuwa hajapigiwa kura bado. Kosa hili nimelisahihisha miaka na miaka, leo naliandika ili siku nyingine nitume kiungo tu nirudi kulala.

Nadhani tunalitoa nyumbani. Kwetu mjadala ukirefuka, mbunge anasimama kuomba mjadala ufungwe, Spika anahoji, walioafiki wanashinda, yamekwisha. Wengi wakishachoka hakuna wa kuwazuia. Seneti ya Marekani kwa karibu karne nzima haikuwa hivyo: wengi peke yao hawakutosha kumnyamazisha mtu. Kanuni ya 22 ya mwaka 1917, ya kufunga mjadala, ilidai theluthi mbili ya waliopo na kupiga kura, na mwaka 1975 ikashuka hadi tatu ya tano ya maseneta wote 100, yaani 60. Maseneta 16 wanatia saini ombi, siku moja inapita katikati, ndipo kura inapigwa. Hapo sikai.

Nakaa kwa Mel Watt. Obama alimteua kuongoza wakala unaodhibiti Fannie Mae na Freddie Mac, vigogo wa mikopo ya nyumba. Tarehe 31 Oktoba 2013 kura zikawa 56 za ndiyo, 42 za hapana, na akakwama. Ukisema "Seneti ilimkataa Watt" nitakurudishia karatasi yako. Seneti haikuulizwa kama inamtaka. Iliulizwa kama iko tayari kuulizwa, na jibu la "bado" halikuhitaji wengi. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo akathibitishwa kwa 57 dhidi ya 41. Mtu ni yuleyule, Seneti ni ileile.

Kati ya siku hizo mbili kuna tarehe 21 Novemba. Hapo ndipo wanaposema "walibadilisha kanuni", nami damu inanichemka. Harry Reid, kiongozi wa walio wengi, yaani Wademokrati, alidai kwamba kwa wateule wote isipokuwa wa Mahakama ya Juu, wengi wa kawaida wanatosha kufunga mjadala. Aliyekalia Kiti, Patrick Leahy, wa chama chake mwenyewe, akajibu kuwa kanuni inataka tatu ya tano, maana ndivyo ilivyoandikwa. Reid akakata rufaa, na maseneta 52 dhidi ya 48 wakautengua uamuzi wa Kiti. Basi. Hakuna neno lililofutwa. Fungua Kanuni ya 22 leo, tatu ya tano imekaa palepale, ila haiwahusu tena wateule. Mwaka 2017 Warepublikan wakapita mlango huohuo na kuiingiza Mahakama ya Juu.

Kuna jingine ambalo watu hulipita. Kizingiti kikiwa 60 ya maseneta wote, asiyekuja ni sawa na aliyesema hapana. Kikiwa wengi wa waliopiga kura, asiyekuja amejipunja mwenyewe. Janet Yellen, mteule wa kuongoza Benki Kuu ya Marekani, alivuka hatua hii tarehe 20 Desemba 2013 kwa 59 dhidi ya 34. Mwezi mmoja kabla, 59 ingemkwamisha. Au? Nilikuwa nalisema hilo kwa kujiamini, siku hizi nasita. Saba hawakupiga kura, Krismasi iko mlangoni, na kila mmoja alikijua kizingiti kipya. Huwezi kuchukua kura zilizopigwa kwa sheria hii ukazihesabu kwa sheria ile.

Na usihesabu "wapinzani" kwa macho tu. Kiongozi wa walio wengi akiona hoja inaanguka, mara nyingi hugeuza kura yake kuwa hapana, kwa kuwa aliye upande ulioshinda ndiye anayeweza kuomba kura irudiwe. Kwenye orodha anasomeka kama adui wa mteule wake.

Tena, mjadala upi? Mara nyingi ukumbi ni mtupu, karani anaita majina polepole, na hakuna aliyesimama kusema. Kinachofungwa hasa ni saa: baada ya kura zilikuwa zinabaki hadi saa 30, na tangu Aprili 2019 ni saa 2 kwa wateule wengi walio chini ya ngazi ya waziri. Kwa hiyo "kufunga mjadala" linadanganya kidogo, nami ndiye ninayelitumia kila siku. Niliwahi kupendekeza "kura ya kuruhusu kura". Mhariri alicheka mpaka akavua miwani.

Kijana kaandika upya: "Seneti yafungua njia ya kura ya mwisho." Nikampitishia. Asubuhi, nikiwa kwenye daladala, nikamsikia mtangazaji redioni: "Seneti ya Marekani imemthibitisha..."