Kifungua kinywa na sukari ya damu: tuyaaminiyo na ukweli wake

“Chai yangu haina sukari, kwa hiyo sina wasiwasi.” Kauli hii nimeisikia mara nyingi kwa wenye kisukari, na inanisikitisha, kwa sababu anayeisema kwa kawaida ameshika vipande viwili vya mkate mkononi. Tafuna mkate mweupe kwa dakika moja au mbili bila kumeza. Utahisi utamu. Mate yameshaanza kuuvunja wanga, na utumbo utaumalizia hadi uwe glukosi, sukari ileile inayosomwa na mashine ya kupimia damu. Vipande viwili hivyo vina gramu 30 hivi za wanga. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4.

“Mkate wa brauni haupandishi sukari.” Usiamini rangi. Hata ngano isiyokobolewa, ikisagwa laini sana, humeng'enywa kwa kasi inayokaribia ya unga mweupe. Tafuta mkate ambao ukiukata unaziona punje. Oti nazo ni vivyo hivyo: zilizosagwa ili ziive kwa dakika moja hupandisha sukari haraka kuliko zile nzima.

“Juisi halisi haina neno.” Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa ina gramu 20 au zaidi za sukari, hata kama hukuongeza chochote. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Kula chungwa lenyewe, na juisi iweke akiba ya siku sukari ya damu itakaposhuka chini ya 4 (mmol/L, kipimo cha mashine), maana hapo ule wepesi wake ndio unaohitajika.

Asali? Takriban asilimia 80 yake ni sukari.

“Nisipokula asubuhi, sukari itashuka.” Hapa ndipo watu wanapojilaumu bure. Alfajiri, homoni kama kotisoli huliamsha ini limwage glukosi kwenye damu, na mwenye kisukari anaweza kuamka na 9 ilhali alilala bila kula. Hakuiba chakula. Kuruka mlo hakuizuii hali hiyo, na wengi wenye kisukari cha aina ya 2 sukari yao huruka zaidi baada ya mlo wa mchana. Ila aliyekwisha kuchoma insulini ya mlo akaacha kula, sukari yake hushuka kweli, naye yuko hatarini kabisa: jasho, kutetemeka, hata kuzimia.

Yai lina wanga usiofika gramu 1. Lianze hilo, mkate ufuate, kisha pima sukari baada ya saa mbili tangu ulipoanza kula.